Paka wa Foleni ya Sukari

Nilikuwa nimeshakata kadi kumi na nne, na ya kumi na tano ilikuwa chini ya rula, wembe umefika katikati, mke wangu Avelina aliposimama mlangoni na kuuliza kama bado nimenuna.

"Sijanuna," nilisema. "Nakata kadi."

"Ukiwa hujanuna hukati hivyo, Baba Stanley. Itazame, imepinda kama mundu."

Nikaitazama. Ilikuwa imepinda kweli. Nikaiweka pembeni, nikavuta boksi jingine.

Kadi hizi nazitengeneza mwenyewe kwa maboksi ya madaftari ninayopewa dukani. Kila kadi inabeba kisa kimoja cha paka aliyewahi kuishi katika jiji hili, kisa cha kweli, chenye mtaa, mwaka na majina ya walioshuhudia. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la nafaka hapa Chang'ombe kwa miaka thelathini na moja, na kwenye ghala la nafaka paka ni wafanyakazi. Nilipostaafu niliona kwamba nawakumbuka paka wa ghalani vizuri kuliko ninavyowakumbuka mameneja, nikaanza kuwaandika. Baadaye nikaanza kuwauliza watu wengine kuhusu paka wao. Huu ni mwaka wa tisa.

Utaratibu wangu ni mmoja. Kisa hakiingii kwenye kadi mpaka kisemwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Aliyekileta kisa ndiye anayewahoji mashahidi wote wawili. Mimi nasoma majibu, nayalinganisha, na yakioana naweka saini. Utaratibu huu umeniponza mara nyingi. Nilikuwa na kisa kizuri sana cha paka aliyetiwa kwenye gunia akaenda kutupwa Kimbiji, akarudi Chang'ombe baada ya wiki tatu, na maji yote yale yako katikati. Kila niliyemsimulia alishika kichwa. Shahidi wa pili akaniambia walikuwa paka wawili, ndugu wa tumbo moja, na yule wa Kimbiji hakurudi. Nikaichana ile kadi. Avelina alinicheka wiki nzima, lakini sikujuta.

Sasa tuko kikundi cha watu wanane. Tunakutana Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, na mwaka huu tumekubaliana kutoa kitabu kidogo cha visa vya paka wa Dar es Salaam. Kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Visa kumi na tisa kati ya ishirini na nne vimetoka mkononi mwangu. Kilichokuwa kifungue kitabu ni cha paka wa ghala letu, jike mweupe aliyezaa juu ya magunia ya mtama asubuhi ya ukaguzi, mkaguzi akawatazama watoto wale, akasema atarudi wiki ijayo. Nilikiandika mara saba.

Naima alijiunga nasi mwezi wa tatu. Ni mwalimu wa sekondari, ana miaka ishirini na tisa, anatoka Mabibo kila Jumamosi na simu yake na kicheko chake. Hana kadi. Anaweka simu mezani, mtu anaongea, yeye anasikiliza huku ameshika shavu. Mwanzoni nilimhurumia.

Jumamosi iliyopita alisimama mbele ya ubao akasoma kisa chake cha kwanza. Nitakieleza kwa ufupi, maana yeye alikieleza vizuri zaidi.

Ilikuwa mwaka 1983, Temeke. Sukari ilikuwa ikija duka la ushirika mara moja kwa wiki mbili au tatu. Watu walipanga mawe. Waliokuwepo wanajua: unaweka jiwe lako kwenye foleni asubuhi na mapema, unalitia alama, unakwenda kwenye shughuli zako, jiwe linasimama badala yako. Foleni ikisogea, walio karibu wanakusogezea. Mwanamke mmoja alikuwa na paka, dume wa rangi ya udongo mwenye mdomo mwekundu kama mla tambuu, na jina lake likawa hilo, Tambuu. Paka huyu alimfuata kila mahali. Mwenyewe akiweka jiwe, Tambuu hukaa juu yake, saa tatu, saa nne, mpaka mwenyewe arudi. Watu walimzoea. Walimsalimia. "Mama yako kachelewa leo?"

Siku moja mwanamke yule alikuwa na arobaini ya mama yake mzazi. Hitima ni kesho, watu wanakuja, na ndani hakuna hata kijiko cha sukari. Aliweka jiwe, akarudi nyumbani kumnyonyesha mtoto. Huku nyuma mtu akaliiba lile jiwe. Aliporudi alikuta nafasi yake imefutwa. Palikuwa na kijana mwembamba, mgeni kutoka bara, aliyejipa kazi ya kuandika foleni kwenye daftari ili watu wasigombane. Watu walimwambia kijana kwamba paka alikuwepo muda wote. Kijana akasema jiwe linahesabika, paka hahesabiki. Akakata jina kwa mstari mmoja ulionyooka. Mwanamke akaanza upya mwisho wa foleni, na sukari ikaisha watu watatu kabla yake. Kesho yake, hitimani, kila mgeni alipewa kikombe cha chai chungu na kipande cha muwa. Watu wakatafuna, wakanywa, wakamwombea marehemu.

Naima alipofika kwenye muwa darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Rogers, mwenyekiti wetu, alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Hiki ndicho cha kufungulia kitabu," alisema. "Paka wa ghala aje wa pili. Mnasemaje?"

Wakasema sawa. Hakuna hata mmoja aliyenitazama kabla ya kusema sawa.

Nilidhani wivu ni wa vijana, na wa wake wenza, na wa wenye maduka yanayotazamana. Sikujua kwamba mtu wa miaka sitini na sita anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa ajili ya kipande cha muwa. Nilipitia visa vyangu vyote kumi na tisa kichwani, pale pale kwenye dawati. Vina miaka, vina mitaa, vina majina mpaka ya babu. Hakuna hata kimoja chenye muwa.

Na halikuwa hilo peke yake. Aliyemsimulia ni mwenye paka mwenyewe, Bi Mwamvita wa Tandika. Bi Mwamvita namjua mimi. Nimekunywa kahawa kibarazani kwake kwa miaka sita, karibu kila Alhamisi. Ila sikuwahi kuandika neno lake hata moja, kwa sababu yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na sisi ni watani. Mtani ana haki ya kunitukana msibani, ana haki ya kuchukua kuku wangu akala, ana haki ya kunidanganya nikiwa nimesimama mbele yake, na mimi sina haki ya kukasirika. Nitaandikaje maneno ya mtu wa namna hiyo? Nililiweka hilo kwenye utaratibu wangu tangu mwanzo: watani hawaandikwi. Naima, ambaye baba yake ni Myao wa Tunduru, hakuwa na tatizo hilo.

Na bado halikuwa hilo peke yake. Kijana wa daftari alikuwa mimi.

Nilijitambua kabla Naima hajafika mwisho wa sentensi. Niliukumbuka ukuta wa duka, na daftari lenye jalada la bluu, na mstari. Nilikuwa na miezi minne tangu nishuke na treni kutoka Tabora. Wakati ule sikujua jina la mwanamke yule, na uso wake sikuwa nimeushika. Paka nilimkumbuka.

"Shahidi wa pili?" Rogers aliuliza.

"Bado sijampata, mwenyekiti," Naima alisema. "Nimezunguka Temeke nzima. Wengi wametangulia mbele ya haki. Mmoja yupo ila anamkumbuka paka tu, siku yenyewe haikumbuki."

"Basi una mpaka Jumatatu asubuhi. Asipopatikana, tunarudi kwa paka wa ghala. Utaratibu ni utaratibu, si ndiyo mzee Gervas?"

Hapo sasa wote walinitazama.

"Ndiyo," nilisema.

Nilikaa na jambo hilo siku tano. Sikuhitaji kufanya lolote. Nikikaa kimya mpaka Jumatatu, kisa kinaanguka chenyewe, na mkono wangu haujagusa kitu. Lakini kimya kilinisumbua, ndiyo maana kadi zilikuwa zinapinda. Nikatafuta njia nyingine, na Alhamisi, nikiwa na wembe mkononi, nikaipata. Bi Mwamvita ni mtani wangu. Mtani anaweza kusema alikuwa anatania. Akisema hivyo mbele ya Naima, kisa kinakufa kihalali na mimi sijadanganya mtu.

Kadi ya kumi na sita nayo ilipopinda, niliacha wembe nikavaa viatu.

"Wapi?" Avelina aliuliza.

"Tandika."

"Kwa mke mwenzangu! Msalimie. Mwambie nausubiri mkeka wangu, asije akafa nao."

Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu nikitembea maneno yangu hujipanga. Nilipita kwenye karakana za wachomelea mageti, nikapita sokoni, na kila hatua nililiweka swali langu vizuri zaidi, mpaka likawa dogo na laini, halina mahali pa kumchoma mtu.

Bi Mwamvita alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha, anashona mkeka. Ana miaka kama sabini, macho yake bado yanatunga sindano.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Tua mzigo, mpagazi."

"Sina mzigo."

"Mnyamwezi asiye na mzigo ni mgonjwa. Kaa, usije ukaangukia mlangoni kwangu nikaambiwa nimekuroga."

"Na Mzaramo anayefanya kazi mchana huu, ngoma imehamia wapi?"

"Imepasuka. Tunangoja ngozi yako." Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanimiminia kahawa. "Leo umekuja na uso wa barua mbaya. Sema."

"Nimesikia ulimsimulia Naima kisa."

"Yule mtoto! Mzuri yule. Kanisaidia kusuka ukili siku nzima. Kaharibu wote, alipoondoka nikaufumua. Ana mkono kama wa kwenu."

"Mimi nakuja hapa mwaka wa sita."

"Unakuja."

"Hukuwahi kuniambia habari za paka huyo."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nikwambie nini? Siku ya kwanza ulikaa hapo hapo ulipokaa, ukaniambia, Bi Mwamvita, wewe ni mtani wangu, maneno yako siyaandiki, nitajuaje kama ni ya kweli. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mie nikakupa kahawa. Kahawa haiandikwi."

Nilinywa. Nikaona wakati wa swali langu umefika. "Mtani," nilisema, "lile la Tambuu na foleni. Ulikuwa unamtania yule mtoto?"

Alichoma sindano, akaitoa upande wa pili.

"Unataka iwe utani?"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Anayeuliza hunitazama mie. Wewe unamtazama kuku."

Kweli nilikuwa namtazama kuku.

"Ukitaka nitasema," aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Mtani akiomba hanyimwi. Nampigia simu leo hii, namwambia, mwanangu, bibi yako ni Mzaramo, alikudanganya, paka gani wa kukaa juu ya jiwe? Atalia kidogo, atanyamaza. Kitabu chako kitafunguka unavyotaka wewe."

"Nani kakwambia habari za kitabu?"

"Yeye mwenyewe. Alikuja Jumapili. Anasema, bibi, mzee Gervas tangu jana hanisemeshi, sijui nimemkosea nini, na yule ndiye mwalimu wangu."

Maneno hayo hayakunituliza. Yalinichoma mahali pengine. Niliwaona wamekaa wawili hapa kibarazani, wananizungumzia kwa huruma, kahawa yangu inanywewa na mwingine. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, mpigie. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ila kabla hujasema," Bi Mwamvita alinikatiza, "kuna kitu nataka kukijua mie. Yule mtoto sikumwambia kwa sababu sikijui. Siku ile niliporudi foleni, Tambuu hakuwepo. Alikuwa chini ya mkokoteni wa mkaa, kule ng'ambo ya barabara, hataki kutoka. Miaka arobaini na miwili nauliza. Kila aliyekuwepo anasema macho yake yalikuwa kwenye mlango wa duka. Sasa wewe niambie. Aliondoka mwenyewe, au aliondolewa?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

Alicheka kidogo, kicheko kisichofika tumboni. "Unalamba penseli, Gervas. Unaandika neno, unalamba, unaandika neno, unalamba. Temeke nzima hapakuwa na mwingine. Mie nilikujua siku ya kwanza, ulipokuja huku unaandika kadi, kabla hujatua mzigo."

Miaka sita. Vikombe vyote vile vya kahawa. Niliweka kikombe chini.

"Mbona hukunidai?"

"Mtani hadaiwi. Nimekuuliza kitu, nijibu."

Nikamjibu. Sijawahi kumweleza mtu mambo yale, hata Avelina. Nilimwambia kwamba jiwe lilipoibwa paka alibaki pale pale, kwenye vumbi. Niliposema nafasi imefutwa, nilimsukuma kwa mguu, akarudi. Nilimbeba nikamweka ukutani, akarudi, akakaa mahali pale pale, si mbele kidogo wala nyuma kidogo. Kisha foleni ikasogea. Mtu wa mbele yake alipiga hatua moja, na Tambuu naye akanyanyuka, akasogea kiasi kile kile, akakaa. Hapakuwa na jiwe la kumwonyesha. Ikasogea tena, akasogea tena. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, huyo paka anaijua foleni kuliko karani. Wakacheka zaidi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na nne," nilisema. "Sikupenda kuchekwa."

"Ukafanya nini?"

"Niliokota jiwe."

Bi Mwamvita aliacha kushona.

"Lilimpata mguu wa nyuma. Ndipo akakimbia."

Kuku alipanda kibarazani, hakuna aliyemfukuza.

"Alichechemea siku nne," Bi Mwamvita alisema. "Nikajua ni gurudumu la mkokoteni."

"Lilikuwa jiwe langu."

"Kwa hiyo hakuiacha nafasi."

"Hakuiacha."

"Jioni ile nilimpiga kwa ufagio," Bi Mwamvita alisema. "Mama yangu kesho arobaini, sukari sina, nikamwambia, hata wewe umeniacha. Nikampiga. Alikuwa amejikunja pembeni ya jiko, hakukimbia. Yule mtoto sikumwambia hilo, niliona haya." Alipangusa uso kwa ncha ya khanga, halafu akachukua tena sindano, ila hakuitia kwenye mkeka. "Laiti ningejua siku ile ile, Gervas."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini baina ya watani msamaha hauna pa kukaa. Angenicheka, au mbaya zaidi, asingenicheka.

"Sasa," alisema. "Nimpigie simu niseme nilidanganya?"

"Hapana."

"Una hakika? Nafasi hii haiji tena."

"Usimpigie."

"Haya. Nyanyuka basi, jua linakuchomea mzigo. Na mwambie mkeo mkeka wake nimeanza leo."

"Ulisema umeanza mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa natania."

Nilirudi polepole. Ningependa kusema kwamba njiani wivu ulikuwa umeisha. Haukuwa umeisha. Nilipofika karibu na karakana niligundua kwamba ninakipanga kisa kichwani, na kwamba sasa nakijua kuliko Naima. Yeye ana muwa. Mimi nina paka anayesogea na foleni bila jiwe. Nina ufagio. Nilijiona nasimama mbele ya ubao Jumamosi, nasoma kwa sauti yangu ndogo, na darasa limenyamaza. Mashahidi wawili si wapo? Bi Mwamvita mmoja, mimi wa pili. Nilitembea na wazo hilo mpaka nyumbani, na lilikuwa tamu, nakiri.

Lakini aliyekileta kisa ndiye anayehoji, na aliyekileta ni Naima. Shahidi hajihoji mwenyewe. Na kuna kasoro nyingine, kwamba mimi na Bi Mwamvita tumeshakaa pamoja kabla ya kuhojiwa, jambo ambalo nimewakatalia wengine mara nyingi. Hilo nalo itabidi liandikwe waziwazi, na saini itakuwa ya Rogers, si yangu. Niliyapanga haya yote mezani kama ninavyopanga kadi, na hakuna mahali nilipojikuta mimi ndiye mwenye kisa.

Nikamwandikia Naima kwenye simu: shahidi wa pili amepatikana, njoo kesho nyumbani kwangu, na uje na maswali yako yote.

Alijibu kwa sauti, na nyuma yake wanafunzi wanapiga kelele. "Shikamoo mzee wangu! Jamani! Nani huyo? Umempata wapi? Mie nimezunguka mpaka soli imeisha! Niambie basi hata jina, leo sitakula!"

Nikaandika: utamwona.

"Sawa sawa! Kipindi changu cha mwisho kinaisha saa nane, nakuja mbio. Mzee wangu, asante. Asante sana. Nilidhani umenikasirikia."

Niliisikiliza mara mbili. Furaha yake ilinikera, na niliikubali hivyo hivyo ilivyonikera.

Kisha nikavuta boksi, nikaweka rula, nikakata kadi mpya. Hii ilinyooka. Nikaandika juu yake: Paka, Tambuu. Mtaa, Temeke. Mwaka, 1983. Palipoandikwa mkusanyaji nilikaa kidogo, nikaandika Naima, kwa herufi zile zile ninazotumia kwa jina langu. Shahidi wa kwanza, Mwamvita binti Shomari. Shahidi wa pili.

Hapo nikaacha, maana jina la shahidi huandikwa baada ya kuhojiwa.

"Baba Stanley," Avelina aliita kutoka uani, "ugali unapoa. Umeandika kadi ngapi leo?"

"Moja."

"Siku nzima?"

"Moja, na haijaisha. Inaisha kesho."

Nikaifunika kwa gazeti isishike vumbi, nikafunga wembe kwenye karatasi, nikaenda kunawa mikono.